Pijo 504 ya marehemu ami imejazwa mapambo ya plastiki: nivue yote au niache?

#1 MwanaShella
Salaam jamani. Ami yangu alifariki mwaka juzi, na katika mirathi mimi nimeangukiwa na Pijo 504, saluni, ya 1979. Nilipokuwa mdogo ilikuwa nyeupe pepepe, tukijazwa humo kila Idi kwenda Mombasa kwa bibi. Halafu ikaingia mikononi mwa binamu yangu, akawa anaikodisha kwa maharusi, na msiba ukaanzia hapo.

Hesabuni wenyewe. Mabawa ya plastiki juu ya magurudumu yote manne, yamepigwa ribiti. Spoila nyuma, kubwa ya kuanikia samaki. Kinundu juu ya boneti chenye tundu la kuvuta hewa, na hakivuti kitu maana chini yake bati ni zima. Springi zimekatwa. Dashibodi imekatwa kwa msumeno ili redio ya skrini iingie. Gia imetolewa usukanini ikapelekwa sakafuni. Ekzosi mbili, moja yao haikuungwa popote. Rangi zambarau. Na juu ya kioo cha mbele imeandikwa MAHABA MATAMU.

Nataka kuirudisha alivyoiacha ami. Swali langu: kando ya yale mabawa rangi imefura kama ngozi iliyomwagikiwa na chai, ukibonyeza inalia kama biskuti. Mabawa ndiyo yaliyoleta kutu, au ni hewa ya bahari tu? Nataka kujua nijiandae kukata bati kiasi gani.

#2 Kusi72
Vua vyote, lakini Mahaba Matamu usiiguse yakhe. Hiyo ndiyo roho ya gari.

#3 FundiBarani
Ni mabawa, hapana shaka. Ukitoboa bati kwa drili unaacha ukingo mtupu, hauna rangi wala kinga. Juu yake umefunika plastiki. Mvua ikinyesha, maji na tope yanaingia kati ya plastiki na bati na hayana pa kutokea. Gari inaegeshwa juani, ndani ya bawa kunakuwa kama chungu kimefunikwa. Kisha ribiti zenyewe ni za alumini na bati ni chuma, na madini mawili tofauti yakikutana kwenye chumvi lazima moja liliwe. Bati ndilo linaloliwa. Nimefungua gari kama hizo nyingi hapa Malindi, na kila nikifungua ni kilio.

Usianze kwa nguvu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichune rangi, ipitishe pembeni mwa magurudumu. Inaponasa pana bati. Inapoteleza pana puti nene.

#4 Dereva Mstaafu
Fundi nakuheshimu lakini sikubali. Mimi nimeendesha 504 steshenwagoni, abiria Malindi–Mombasa, miaka ya themanini. Haikuwa na bawa hata moja, na ilioza palepale. Madigadi ya gari ile yamepinda kwa ndani, pana ukingo kama mfereji. Tope linakaa mle, linakauka, likipata umande linalowa tena. Na umande wa kwetu una chumvi, hasa msimu wa kusi, asubuhi ukilamba kioo unaweza kuungia mchuzi.

Dawa yangu ilikuwa moja: kila Ijumaa kabla ya swala, maji baridi ya bomba kwa chini, naingiza na kidole kwenye ule mfereji. Gari yangu iliishi kuliko za wenzangu. Waliokuwa wakiosha juu tu ili ing'are, gari zao zilikwenda kuwa mabanda ya kuku.

#5 Amu_Mkomani
Hapa Amu mafundi wa majahazi wanapaka sifa, mafuta ya papa, na chombo kinakaa ndani ya maji ya chumvi miaka na miaka. Kwa nini musipake sifa ndani ya madigadi? Mafuta yanatambaa yenyewe mpaka kwenye maungio ambako brashi haifiki.

#6 BintiMaweni
@Amu_Mkomani chombo ni mbao kaka! Mbao haishiki kutu. Halafu bibi harusi apande gari inanuka papa?

#7 Kusi72
Lamu gari mmeziona wapi nyinyi? Huko spoila mnamfunga punda.

#8 Amu_Mkomani
Punda wangu hana ribiti hata moya na yuafika. Na nina Land Rover, iko Mokowe, kwa taarifa yako. Kila nikitaka kuendesha napanda boti kwanza. Chini nimeipaka sifa tangu mwanzo na bati ni zima. Harufu inaisha baada ya mwezi, au pua ndiyo inayozoea, sijui.

#9 Kemia ya Usiku
Ngoja nimrekebishe @FundiBarani kwa adabu. Ni kweli alumini na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi kimoja kinaliwa, lakini kinacholiwa ni alumini. Ndiyo maana ukitazama ribiti za zamani utaona unga mweupe kichwani: ni alumini inakwisha, bati liko nyuma linasubiri. Kwa hivyo ribiti zenyewe hazina hatia. Ule ukingo uliotobolewa bila kupakwa chochote, hapo nakuunga mkono.

#10 FundiBarani
Sawa mwalimu. Lakini bati limeoza au halikuoza? Mimi kutu naitoa kwa grainda, siitoi kwa kalamu.

#11 Kemia ya Usiku
Hahaha. Limeoza.

#12 MwanaShella
Shukrani wote. Juzi Jumamosi nimefungua bawa moja, la nyuma kushoto. Nasimulia taratibu maana bado sijatulia.

Nilitoboa vichwa vya ribiti kwa drili, msumari mkubwa kidogo kuliko shina la ribiti, kama alivyonielekeza fundi wa jirani: unakata kichwa tu, huchimbi bati. Kumi na moja zilitoka. Ya kumi na mbili ikawa inazunguka pamoja na drili, nikaishika kwa koleo. Bawa halikuanguka, kumbe lilipakwa na gundi nyeusi pia. Nikalivuta kidogokidogo, likatoka na rangi, na rangi ikatoka na puti, kipande kizima cha ukubwa wa sahani ya pilau. Nyuma ya puti sikuona bati. Niliona gazeti.

Gazeti wallahi. La Kiswahili, limekunjwa likasindiliwa ndani ya tundu kisha likapakwa puti kwa juu. Nimelitoa kwa kibano, ukurasa wa michezo, upande mmoja umegeuka rangi ya kutu na bado unasomeka habari za mpira. Sehemu yenye tarehe imeliwa. Nimeingiza ngumi yangu yote kwenye tundu lile nikagusa kapeti ya buti.

#13 Kusi72
Gari imesoma kuliko wewe.

#14 Dereva Mstaafu
Haya, ushahidi huo. Mtu hatoboi gari nzima akatia gazeti. Tundu lilikuwepo kwanza, likazibwa kwa gazeti na puti, kisha bawa likaletwa kufunika aibu. Kutu kwanza, bawa baadaye. Ndivyo nilivyosema tangu #4.

#15 FundiBarani
Au bawa lilikuja kwanza, likaozesha, fundi wa pili akalifungua, akaziba kwa gazeti, akalirudisha na ile gundi nyeusi. Kwa nini pana ribiti NA gundi? Vitu viwili vya kazi moja, watu wawili. Fikirini.

#16 MwanaShella
Vichwa vya ribiti vingine vimeanguka ndani ya madigadi, gari ikitikisika vinalia kama njuga. Navitoaje?

#17 Mnada_Gari
Sumaku kwenye waya.

#18 Kemia ya Usiku
Alumini haishikwi na sumaku ndugu. Kijiti cha ndani cha ribiti ndicho huwa chuma, hicho kitakuja. Vichwa vivute kwa mashine ya vumbi, tia mpira mwembamba mdomoni mwake.

#19 BintiMaweni
Mimi nilivua mapambo kwenye Datsun 1200 ya baba, nikupe ya kwangu.

Vile vitu vilivyobandikwa kwa gundi (spoila ndogo, michirizi ya kung'aa, herufi) usibandue kwa bisibisi, utaacha mikwaruzo hadi kwenye bati. Pasha moto kwa draya ya nywele mpaka gundi ilegee, kisha chukua mshipi, ule wa kuvulia, upitishe nyuma ya pambo ukate gundi kwa kwenda na kurudi kama unakata sabuni ya mche. Vaa glavu, mshipi unakata na vidole. Masalia ya gundi yasugue kwa kitambaa cha mafuta ya taa, kisha sabuni.

Tinti: lowesha kioo kwa ndani, funika mfuko mweusi kwa nje, acha juani saa sita mchana. Jua la Malindi tunalilaumu kwa mengi, kwa kazi hii ni la bure. Baada ya nusu saa anza pembeni kwa ukucha, vuta polepole, itakuja nzima. Kioo cha nyuma kikiwa na zile nyaya nyembamba za kupasha joto usitie wembe hata kidogo.

Vyuma vidogovidogo vyenye kutu, bawaba na skrubu, vitie kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua, suuza, kausha hapohapo na upake mafuta. Mama alipoona siki yangu akaniambia nijaribu ukwaju, anavyong'arisha sinia zake za shaba. Nikajaribu. Unafanya kazi, ila inzi walihamia kwetu.

#20 Mnada_Gari
Tunarudia kusema Pijo Pijo. Mwenye gari hajatuambia kama hii ilikimbia Safari, yale mashindano ya magari. Ikiwa ina historia ya Safari hayo matundu usizibe, ni pesa.

#21 MwanaShella
Ami alikuwa akisema hivyo! Kuna matundu mawili ya kufungia taa kubwa, mbele juu ya bampa. Alisema Joginder aliwahi kuiendesha na akashinda nayo.

#22 Dereva Mstaafu
Mungu amrehemu ami yako, lakini hapo alikuwa anawapendezesha watoto. Joginder Singh alishinda Safari mara tatu: 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na Pijo hakushinda nayo. 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ila ile ya 78 ilikuwa kupe, ya milango miwili na injini ya V6, si saluni ya kupeleka watoto Idi. Gari yako ni ya 1979, ingeshindaje mashindano ya 1975?

#23 Mnada_Gari
Basi 404 ndiyo iliyoshinda zaidi.

#24 Dereva Mstaafu
Hapo umesema. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ya 66 na ya 67 alichukua Bert Shankland wa Dar es Salaam. Siku zile barabara zilikuwa tope tupu, na Pijo ilipendwa kwa sababu springi zake ni ndefu na laini, gurudumu linashuka shimoni na mwili wa gari unabaki umekaa. Ndiyo maana nikisikia mtu amezikata moyo unaniuma. Ukikata springi hailaini, inakuwa ngumu zaidi, na ile ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake. Hakuna kuirudisha. Tafuta springi nzima.

#25 Pwani_Klasiki
Nitasema kitu mtanichukia. Kwa nini tunavua? Zambarau, spoila na Mahaba Matamu ni historia ya gari hii kama zilivyo nyeupe na Idi. Harusi ngapi za Malindi ziko kwenye albamu na gari hiyo nyuma ya maharusi? Nimehudhuria Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari, kule Ngong, Nairobi, gari zimeng'arishwa mpaka ndani ya ekzosi, nzuri lakini zinafanana. Ziba kutu, rudisha springi kwa usalama, mengine acha.

#26 BintiMaweni
Wewe utaiendesha mbele ya watu?

#27 Pwani_Klasiki
Ningeiendesha usiku.

#28 FundiBarani
Kuhusu gia. Usikimbilie kuchomelea tundu la sakafuni. Za kwetu nyingi gia ni ya usukani, lakini ziko 504 zilizotoka kiwandani na gia ya chini. Chungulia kwenye nguzo ya usukani: ikiwa fimbo ilikuwepo utaona alama, kifuniko au masikio ya kushikia. Kisha tazama lile tundu. La kiwandani lina ukingo uliopinda vizuri. La gereji lina meno.

#29 MwanaShella
Lina meno.

#30 FundiBarani
Pole. Sasa unahitaji fimbo zote na viungo vyake, si mkono wa juu tu. Kirinyaga Road kule Nairobi bado utapata, hasa kutoka kwa pikapu za 504 zilizochinjwa. Lakini pima kwanza, si kila cha pikapu kinakaa kwenye saluni.

Tundu za ribiti zichomelewe kwa mashine ya waya na gesi (MIG), si ya fito, fito itaunguza bati jembamba. Weka kipande cha shaba nyuma ya tundu, chuma cha kuchomelea hakishiki shaba, kinajaza tundu na kubaki. Nukta moja hapa, nyingine mbali, uache ipoe. Ukiunganisha moja kwa moja bati litajikunja kama chapati.

#31 BintiMaweni
Na utoe betri! Na kapeti! Sisi tulisahau kapeti. Fundi anachomelea nje, ndani kunawaka polepole, baba anasema "mbona nasikia harufu ya udi".

#32 Kemia ya Usiku
Na usisahau rangi: zambarau ikiwa haikuandikwa kwenye logbuku una gari mbili kisheria. Mabadiliko ya rangi na injini yanatakiwa yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani. Ukirudi nyeupe huenda ndiyo utakuwa umerudi kwenye haki. Kujua nyeupe ipi, fungua kadi za mlango (ule ubao wa ndani), inua kapeti, chungulia nyuma ya dashibodi. Mpiga sprei wa haraka hafiki huko.

#33 MwanaShella
Nimechungulia nyuma ya kadi ya mlango. Si nyeupe. Ni kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema nyeupe.

#34 Kusi72
Ulikuwa mtoto, ulikuwa unatazama peremende.

#35 Mchomeleaji_Zamani
Nimesoma uzi huu tangu jana, nimejizuia, nimeshindwa. Hayo mabawa niliyafunga mimi.

Kijana, binamu yako hakuhusika. Gari aliileta ami yako mwenyewe, usiku baada ya isha, akaiegesha nyuma ya gereji. Madigadi yalikuwa yameoza tayari, yote manne. Harusi ya binti yake ilikuwa imebaki wiki moja na alitaka gari hiyohiyo impeleke. Kukata na kuchomelea nilimwambia wiki tatu. Akauliza, "Hakuna kitu cha kufunika?" Mabawa yalikuwa ya gari nyingine kabisa, nikayakata yakakaa. Gundi na ribiti ni zangu zote mbili, @FundiBarani, mtu mmoja, kwa sababu plastiki ilikuwa inakataa kulala.

Lakini gazeti si langu. Gazeti nililikuta.

#36 Dereva Mstaafu
Nilisema. Kutu kwanza.

#37 FundiBarani
Kama gazeti alilikuta basi pana fundi mwingine kabla yake, na hatujui huyo alikuta nini. Pengine palikuwa na mabawa mengine. Kesi haijafungwa.

#38 Amu_Mkomani
Ingepakwa sifa yasingetokea haya yote.

#39 Pwani_Klasiki
@MwanaShella ulisema unataka kuirudisha "alivyoiacha ami". Nauliza tu.

#40 MwanaShella
Jana nimekwenda kwa mke wa ami, Mtangani, nikamuuliza taratibu huku tunakunywa kahawa. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Mabawa anayakumbuka. Binamu ameongeza spoila, redio na gia tu, nimemsingizia mengi. Nikamuuliza na zambarau je? Akasema, "Zambarau nilichagua mimi. Ami yako alitaka kijani."

Kwa hivyo msimamo kwa sasa: madigadi yanakatwa na kuwekwa bati jipya, mabawa hayarudi. Spoila imetoka, iko uani, kuku wameikubali. Kinundu cha boneti kinatoka wiki ijayo. Gia inarudi usukanini nikipata vifaa. Rangi sijui tena.

#41 Kusi72
Na Mahaba Matamu?

#42 MwanaShella
Sijathubutu kumuuliza.

Kwa sasa nahitaji springi mbili za nyuma ambazo hazijaguswa na msumeno. Nani anazo?

#43 Amu_Mkomani
Mimi ninazo mbili, nyumbani hapa Mkomani. Zimeshikilia kitanda.

#44 Dereva Mstaafu
Za saluni au za steshenwagoni? Steshenwagoni ina mbili kila upande, na hazilingani na za saluni.

#45 Amu_Mkomani
Ngoja nimwamshe mama watoto nitizame.